Oti zinavutika kama mlenda, na saa nne njaa imerudi

SWALI: Dada habari za kazi. Nipo Kimara, natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kuwahi mwendokasi. Wiki ya tatu sasa nakula oti asubuhi, nanunua vile vipakiti vidogo vya ladha ya stroberi, namwagia maji ya moto basi. Zinavutika kama mlenda mpaka mume wangu kazisusa, ikifika saa nne nina njaa kuliko nilivyokuwa nakula chapati, na hela inaisha. Nakosea wapi?

JIBU: Salama mdogo wangu, pole na foleni. Umekosea sehemu moja tu, hicho kipakiti, maana shida zako zote tatu zimetokea humo humo.

Oti kiwandani zinatolewa maganda, zinapitishwa kwenye mvuke afu zinabanwa zinakuwa bapa. Za kipakiti zimekatwakatwa, zikabanwa nyembamba zaidi na kuivishwa kabisa, ndo maana zikikutana na maji ya moto zinavurugika palepale. Kigeuze usome nyuma, viungo vinaandikwa kwa uzito, kilichotangulia ndo kingi, na mara nyingi utakuta sukari ni ya pili. Hiyo stroberi mara nyingi ni harufu tu bana. Nunua oti bapa za kawaida, zile kubwa kubwa unaona punje yenyewe, zisizo na ladha yoyote. (Na usichanganye na shayiri, watu madukani wanaziita hivyo ila shayiri ni nafaka nyingine.)

Hela sasa. Bakuli la mtu mzima ni gramu 40, yaani nusu kikombe au vijiko vinne vya chakula vilivyojaa. Pakiti ya gramu 500 inakutolea asubuhi 12. Chukua bei yake gawa kwa 12, afu fanya hivyo hivyo kwa vipakiti vyako, utacheka mwenyewe. Ukitaka kushuka zaidi weka nusu oti nusu unga wa ulezi, ulezi uukoroge kwanza kwa maji ya baridi na uchemke kama dakika 10 ndo uingize oti, na wala usione umejishusha, ulezi una kalisiamu nyingi kuliko oti.

Ule mlenda unaitwa beta-glukani, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, na ndo faida yenyewe ya oti, unafanya chakula kikae tumboni na unasaidia kushusha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Kiasi cha beta-glukani kinachotajwa ni gramu 3 kwa siku, Marekani tangu 1997 wanaruhusu jambo hilo liandikwe kwenye pakiti za oti, na bakuli lako la gramu 40 linakupa kama gramu 2 kasoro. Kwa hiyo hatuuondoi, tunaupunguzia kero. Weka sufuria kavu motoni, kaanga oti dakika mbili tatu bila mafuta mpaka zinukie kama bisi, pembeni chemsha kikombe kimoja cha maji na chumvi punje, afu oti ziingie kwenye maji yanayochemka, siyo ya baridi. Moto mdogo, dakika tano, koroga mara mbili tatu tu. Wengi wanasonga kama ugali, ukisonga unatoa wanga wote nje linakuwa gundi. Maziwa weka mwishoni, ukianza nayo yanashika chini na kuumuka mpaka kwenye jiko.

Kama asubuhi huna muda na gesi inakuuma, chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, weka oti ulizokaanga jana yake, mwagia maji yanayochemka, funga, nenda kaoge. Nusu saa ziko tayari. Zile za kuloweka usiku kucha ni za wenye friji tu. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza mmoja umeme ulikatika usiku, nilikuwa nimeloweka na maziwa, asubuhi nafungua kopo linatoa povu kama togwa. Joto la Dar halina mzaha.

Njaa ya saa nne sasa. Gramu 40 za oti kwa maji ni kama kalori 150 na protini gramu 5, hicho siyo chakula cha mtu anayesimama kwenye basi mpaka Kivukoni. Ongeza kikombe cha maziwa, protini gramu 8, na kiganja cha karanga, protini gramu 7 hivi, umefika gramu 20 na utafika saa saba bila kumtafuta mama ntilie. Yai la kuchemsha pembeni pia sawa. Ila karanga chagua mwenyewe nzima nzima, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiishi kwa kukaanga, ndo maana mimi zile zilizosagwa tayari huwa sinunui. Utamu utoe kwenye ndizi mbivu moja, iponde ndani ya sufuria na iliki au mdalasini. Asali ni sukari vilevile, hasa kama nyumbani kuna mwenye kisukari. Na kama tumbo linajaa gesi anza na vijiko viwili, kunywa maji, litazoea.

Pakiti ukishafungua mimina kwenye kopo la kubana, oti zina mafuta yake, zikikaa kwenye unyevu huu wetu zinachacha na kunuka kama rangi ya ukutani, achilia mbali wadudu.

Mume wako mpikie za chumvi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia oti, tui jepesi badala ya maji, mchicha dakika ya mwisho, pilipili manga na ndimu. Mwambie ni bokoboko ya haraka, akishamaliza ndo umuonyeshe pakiti.