Wakongwe ulingoni: kwa nini Sting aliweza, na kwa nini Jeddah iliharibika

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi na kaka yangu tunabishana tangu Machi 2024, mwanamieleka Mmarekani Sting alipostaafu. Yeye anasema mieleka ya kulipwa imejaa wazee wanaokalia nafasi za vijana, na ushahidi wake ni lile pambano la wakongwe Undertaker na Goldberg kule Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2019. Mimi namwambia Sting alikuwa na miaka 64, mkubwa kuliko hao wawili, na bado pambano lake la mwisho lilikuwa zuri mno. Kwamba matokeo hupangwa tunajua, hilo halitusumbui. Tunataka ufundi: mwili wa mzee unalindwaje ulingoni, kwa nini mmoja anaweza na mwingine anaumbuka, na je, ni kweli wanawabania vijana? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na kaka yako mfikishie salamu. Nawafundisha vijana kuanguka, hiyo ndiyo kazi yangu, na swali lenu linagusa jambo ninalolirudia kila mazoezi: nguvu mnayoiona ulingoni inatoka kwa anayeanguka. Anayepiga anachangia kidogo tu.

Chukua lile pigo la Undertaker la kumshika mtu koo, kumpandisha hewani na kumbwaga chini. Hakuna binadamu anayemnyanyua mtu wa kilo 120 kwa mkono mmoja shingoni. Anayenyanyuliwa hukunja magoti na kuruka mwenyewe, huku mkono wake ukijiegemeza kwa mwenzake ili apate msukumo. Akifika juu hujinyoosha atue kwa mgongo mzima, kidevu kimebanwa kifuani, pumzi imetolewa, mikono inapiga sakafu ili mshindo usambae. Sakafu yenyewe ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, na juu yake godoro jembamba. Inauma. Mtu akitua hivyo kwa miaka ishirini na zaidi, shingo, kiuno na magoti vinalika, na kinachotangulia kuondoka ni ule mruko mdogo wa kumsaidia mwenzake. Mashabiki hawauoni mruko ule, kwa hiyo hawajui kwamba umekwisha. Wanaona tu kwamba mambo yamekuwa mazito.

Sasa rudini Jeddah, tarehe 7 Juni 2019. Undertaker ana miaka 54, Goldberg 52. Wote wawili walijenga majina yao kwa kuwanyanyua wengine na kuwabwaga, na hawakuwahi kupigana wawili peke yao kabla ya siku ile. Kwenye bango lilikuwa pambano la ndoto. Kwenye karatasi ya anayepanga mapambano lilipaswa kuzua swali moja: nani ataanguka? Kila mmoja alihitaji mwenzake mwepesi, anayejua kuruka na kutua, na hakukuwa na mtu wa aina hiyo ulingoni. Kisha ajali ikaja mapema. Goldberg alikwenda mbio na bega lake, Undertaker akakwepa, Goldberg akaigonga nguzo kwa kichwa, damu ikatoka, na baadaye mwenyewe alisema ubongo ulitikisika. Mtu wa namna hiyo hapaswi kumbeba mwenzake. Lakini pambano liliendelea, na akajaribu pigo lake kubwa, lile la kumsimamisha mtu kichwa chini miguu juu kisha kuanguka naye. Hakuweza kumfikisha juu, na Undertaker akashuka vibaya, karibu kabisa kutua kwa shingo.

Naomba mlielewe hili vizuri, kwa sababu wanaume wale walichekwa sana baada ya hapo. Mimi siwalaumu. Walitumwa, katika joto la Juni la pwani ya Bahari ya Shamu, wakafanye pambano la mtu mmoja kwa mmoja, bila mwenzi wa kupokezana naye na bila kijana wa kubeba sehemu ngumu, wakiwa na miili isiyofaa tena kwa kazi hiyo. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla kengele haijagongwa. Na hata baada ya kengele, mwamuzi ana kifaa sikioni na ana ishara yake ya kukutanisha mikono kama herufi X, inayowaambia walio nyuma kwamba mtu ameumia kweli. Ishara ile ipo kwa ajili ya jioni kama ile.

Sting alipangiwa kinyume kabisa. Shingo yake iliharibika Septemba 2015 alipopigana na Seth Rollins, miguu ikaishiwa nguvu ulingoni, na madaktari wakakuta njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Mwaka 2016 akatangaza kustaafu. Aliporudi Desemba 2020, kampuni ya AEW haikumharakisha. Pambano lake la kwanza, Machi 2021, lilirekodiwa kando kama filamu, likakatwa na kuunganishwa kabla ya kuonyeshwa. Undertaker naye alikuwa amefanyiwa hivyo mwaka uliotangulia kwenye lile pambano la makaburini na AJ Styles, na lilimpa heshima kuliko miaka kadhaa ya mapambano ya mbele ya watu. Kamera inampa mzee kitu ambacho ukumbi haumpi: nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo.

Baada ya hapo Sting alipigana akiwa na mwenzake, Darby Allin, kijana mdogo wa umbo asiyeogopa kuanguka kutoka popote. Siri ya pambano la wawili kwa wawili iko hapa. Kijana anaingia, anapigwa dakika nyingi, anatambaa kuelekea kona yake, na mkongwe amesimama nje ya kamba ameunyoosha mkono. Ukumbi mzima unamwita. Akiguswa anaingia na pumzi nzima, anafanya vile vitu vinne au vitano ambavyo watu wamevingoja, halafu anatoka. Mnakwenda nyumbani mkiamini mlimwona Sting akipigana dakika ishirini, na mwili wake umefanya kazi ya dakika chache. Hapo hakuna udanganyifu. Ni mpangilio mzuri wa kazi, na kwangu ndio ufundi mkubwa kuliko yote katika fani hii.

Pambano la mwisho la Sting, 3 Machi 2024 katika ukumbi wa Greensboro Coliseum huko North Carolina, Marekani, liliongeza tahadhari zaidi. Wapinzani walikuwa ndugu wawili wanaojiita Young Bucks, wepesi wa mwili na mahodari wa kuanguka. Kanuni zililegezwa, wote wanne waliruhusiwa kuwa ndani pamoja na vifaa viliruhusiwa, hivyo hakuna aliyetegemea mbio za Sting. Wanawe walitokea wamevaa mavazi yake ya zamani. Ric Flair na Ricky Steamboat, wakongwe wa zama zake, walikuwepo. Allin alijirusha kutoka juu ya ngazi akapita kwenye kioo kwa mgongo. Kila tukio kama hilo lilimpa mzee pumzi. Naye hakukaa pembeni, vishindo alivipokea, lakini vilikuwa vichache na vimechaguliwa.

Kwa nini Greensboro? Hapo ndipo napenda kaka yako asikilize kwa makini, maana swali lake la vijana linajibiwa katika ukumbi ule ule, miaka 36 nyuma. Tarehe 27 Machi 1988, Ric Flair akiwa bingwa mwenye miaka 39 alipigana na Sting aliyekuwa ametimiza 29 wiki moja kabla. Walikwenda dakika 45 na hakuna aliyeshinda. Flair hakuuachia mkanda. Alichokifanya ni kuanguka. Alirushwa, akaombewa huruma na uso wake mwenyewe, akarudi nyuma akitetemeka kila kijana alipokunja ngumi, na kwa dakika zile zote aliwaonyesha watazamaji wa televisheni kwamba bingwa wa dunia anamwogopa mtu huyu. Sting aliingia ukumbini kama chipukizi na kutoka akiwa nyota. Mkanda alikuja kuupata kwa Flair Julai 1990. Kumpandisha kijana, kwa hiyo, si lazima umwachie ushindi usiku uleule, bali umfanye kila pigo lake lionekane lina uzito, na mkongwe ndiye mwenye uwezo huo kwa sababu watu wameshamwamini.

Wajapani walilifanya kwa njia kavu zaidi. Masika ya 1990, kampuni ya All Japan ilimpoteza Genichiro Tenryu, mmoja wa nyota zake wakubwa, akaenda kwa washindani. Mwenye kampuni, Giant Baba, hakuita wazee wenzake. Alimchukua Mitsuharu Misawa, aliyekuwa akipigana ndani ya barakoa ya simbamarara; Misawa akavua barakoa, na tarehe 8 Juni pale Nippon Budokan akamshinda Jumbo Tsuruta, mkubwa wa kampuni nzima, mwenye miaka 39. Misawa alikuwa na 27. Tsuruta angeweza kukataa, au kushindwa kwa hila ili jina lake libaki safi. Alishindwa katikati ya ulingo, na muongo mzima wa mieleka bora kabisa ukaota kutoka hapo.

Habari ya Misawa ina upande wa pili, na kila kijana ninayemfundisha huwa namsimulia. Alikuja kuanzisha kampuni yake, NOAH, na ikaendelea kumtegemea hata shingo ilipokuwa imechoka. Tarehe 13 Juni 2009, Hiroshima, alitua vibaya katika pigo la kawaida ambalo alikuwa amelipokea maisha yake yote, uti wa shingo ukaumia, akafariki. Alikuwa na miaka 46. Lilikuwa pambano la wawili kwa wawili. Kwa hiyo ule mpangilio niliousifu unapunguza hatari, hauiondoi, na daktari ndiye anayepaswa kuwa na neno la mwisho kabla ya mpangaji.

Ndiyo maana sikufurahia kumwona Flair akirudi ulingoni Nashville mwaka 2022, ana miaka 73 na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alizimia mara mbili ndani ya pambano. Watu walishangilia. Nampenda Flair kuliko karibu mwanamieleka yeyote, na kwa sababu hiyo naliona tukio lile kuwa halikupaswa kuruhusiwa.

Sasa nimpe kaka yako haki yake, kwa sababu anayo. Wakongwe wamewabania vijana, na kampuni zimekufa kwa sababu hiyo. Verne Gagne alikuwa mmiliki wa AWA, kampuni ya mieleka ya Marekani, na bingwa wake, na mwaka 1981 alistaafu ana miaka 55 na mkanda bado kiunoni. Ukapewa Nick Bockwinkel, mwenye miaka 46. Kijana aliyekuja kujaza kumbi zao baadaye, Hulk Hogan, hakukabidhiwa, na mwishoni mwa 1983 akaenda kampuni pinzani ya WWF. AWA ilifungwa 1991. Hogan huyohuyo, alipozeeka, alikuwa miongoni mwa waliokaa kileleni mwa kampuni ya WCW huku kijana Chris Jericho akiondoka 1999, na Eddie Guerrero na wenzake Januari 2000. Machi 2001 WCW iliuzwa kwa mshindani wake, WWF. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ukumbi ambao kijana anajua hatafika juu hauwezi kumshikilia.

Karibu zaidi na sisi, Februari 2020 pale Riyadh, Goldberg wa miaka 53 alimshinda Bray Wyatt, bingwa ambaye kampuni ilikuwa imemjenga kwa miezi kama jinamizi lisilouawa. Pambano la dakika chache. Wiki kadhaa baadaye Goldberg akaupoteza mkanda kwa mtu mwingine kabisa. Jina la Wyatt lilitumika kumpamba mgeni, na alichokipoteza hakikupelekwa kwa chipukizi yeyote kwa uzito ule. Huko ndiko kubania kwenyewe.

Mtauliza, basi kwa nini wanawaita? Fedha, ndiyo, jina la zamani linamrudisha mtu aliyeacha kutazama miaka kumi. Lakini kuna sababu ya ufundi pia. Machi 2002 mjini Toronto, Hogan mwenye miaka 48 alipigana na The Rock. Alipangiwa kuwa adui, na ukumbi ukakataa, ukamshangilia yeye. Hogan hakufanya kitu kigumu. Ngumi, teke la usoni, mguu shingoni, na ule mtikisiko wa kichwa anapokataa kuumia. Kila kimoja kilikuwa na miaka ya kumbukumbu nyuma yake. Kijana hana hazina hiyo, kwa hiyo analazimika kuruka kutoka juu ya kamba ili apate kelele ileile. Na Hogan alishindwa usiku ule, The Rock akaondoka na vyote.

Kuhusu Sting kushinda pambano lake la mwisho, wengi wa rika langu walinung'unika, kwa sababu desturi ni mstaafu kuondoka amelala chali. Mimi nalikubali, kwani mrithi wake alikuwa upande wake kwa miaka mitatu na alishinda pamoja naye. Pasipo mrithi kwenye kona, mstaafu ashindwe. Nyota John Cena alifanya hivyo tarehe 13 Desemba 2025, Washington, alipokabwa na mwanamieleka Gunther hadi akagonga sakafu kukubali yaishe. Ukumbi ulikasirika sana, na nawaelewa, ila ufundi ulikuwa sahihi. Goldberg alikuwa ameshastaafishwa na Gunther huyohuyo mwezi Julai. Majina mawili makubwa yaliwekwa mikononi mwa mtu mmoja ndani ya nusu mwaka, na baada ya hapo kampuni ilipaswa kumpa mapambano makubwa haraka, mashabiki wakiwa bado na hasira.