Amplifaya ya zamani: igeuze kwanza uone mgongo

Hi-fi, yaani vyombo vya muziki vya sauti safi, ukiitamka upesi inakuwa "haifai". Mke wangu ndiye aliyegundua hilo, siku sebule yetu iliponuka waya ulioungua, na tangu hapo kila kifaa ninacholeta nyumbani anakipokea mlangoni kwa swali lilelile: "Hii nayo ni haifai?"

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya muziki kwa ajili ya spika, ya Kijapani ya miaka ya 1970, uso wa alumini, ubavu wa mbao, vidirisha viwili vyenye mishale inayocheza na muziki. Nililipa shilingi laki nne taslimu bila hata kupatana bei. Muuzaji aliniambia, "Hii ni Japani yenyewe, boss, wala si ya kuigiza," na kwa kweli hakunidanganya. Ilikuwa Japani yenyewe kiasi kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za Wajapani, ambako umeme ni wa volti 100. Wetu Uganda ni 240. Nilipoichomeka, taa zilimeremeta kama za basi la usiku, mishale ikaruka mpaka mwisho, kisha kimya. Kilichofuata ni moshi.

Nikaipeleka Katwe, hapa Kampala, kwa fundi wangu, mzee Mnubi kutoka Bombo. Tunaongea Kiswahili tupu, yeye kwa sababu ndiyo lugha ya ujana wake, mimi kwa sababu nilizaliwa kambi ya polisi ya Nsambya. Hakuifungua. Aliigeuza, akaweka kidole kwenye kibati kilichoko nyuma, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ulinunua uso."

Basi ukishaipenda amplifaya, igeuze. Kibati kikisema 100V peke yake, hiyo iliuzwa Japani. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kikisema 220V au 240V, hasa zilizotoka Uingereza, una raha. Zile zilizotengenezwa kwa soko la nje huwa na kiteuzi kidogo cha volti, cha kuzungusha kwa bisibisi: 110, 120, 220, 240. Usiamini kwamba mwenye mali alikiweka sawa. Kitazame mwenyewe, halafu kitazame tena kabla ya kuchomeka.

Za Marekani zina mtego wa ziada. Kibati husema 120V 60Hz, na umeme wetu ni wa hezi 50 (hezi, au Hz, ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Transfoma ya kushusha inapunguza volti, hezi haizigusi. Mashine iliyoundwa kwa 60 tu ikila 50, transfoma yake ya ndani huvuma na kupata moto kupita kiasi. Za Japani hazina taabu hiyo, maana nchi yao imegawanyika, Tokyo hezi 50 na Osaka 60, kwa hiyo kibati chao kawaida huandikwa zote mbili. Na ukinunua transfoma ya kushusha, usinunue yenye wati zinazolingana kamili na za mashine. Kibati kikisema wati 200, mimi natafuta transfoma ya 500, kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye zile za bei rahisi zina mdomo mrefu.

Nikiwa hapo hapo kwenye Ujapani: ukipewa risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani, kumbuka yaliyokukuta na redio ya gari lako lililotoka Japani. FM ya Kijapani ya zamani inaishia 90. Kwa vituo vya Kampala, CBS 88.8 utaipata vizuri, Capital 91.3 isahau.

Dukani usiende mikono mitupu. Mimi hubeba simu yenye muziki ninaoujua, waya wake, spika ndogo ambazo zikiungua sitalia, na multimita, yaani kipimo cha umeme. Kabla ya kuunga spika, zima sauti kabisa, washa mashine, ngoja dakika tano, kisha pima umeme wa DC (ule wa mkondo mmoja kama wa betri, ambao haufai kufika kwenye spika) kwenye matundu ya spika, upande mmoja baada ya mwingine. Ukipata milivolti chini ya 50, endelea. Ukikaribia 100 na kupita, anza kuuliza maswali. Ukikuta volti nzima, usiunge spika yoyote, hata hiyo usiyoililia: umeme wa namna hiyo unachoma koili ya spika polepole huku wewe ukidhani ni muziki umefifia. Muuzaji akikataa usipime, aga kwa heshima uondoke.

Nyingi za Kijapani, ukiwasha, hukaa sekunde chache kisha hutoa mlio wa "tak". Hiyo ni relei, swichi inayojiwasha yenyewe, ya kulinda spika, na mlio huo ni habari njema. Mashine yenye relei isipolia kabisa, ndani kuna ugonjwa na mashine imeuona kabla yako.

Kuna mambo yanayotisha bure. Sauti inayokwaruza ukizungusha kitufe ni vumbi na kutu. Dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi inaimaliza kwa dakika kumi. Upande mmoja kutosikika mara nyingi ni swichi chafu vilevile. Na kama hakuna sauti kabisa, tazama kitufe kilichoandikwa Tape Monitor. Kikiwa kimebonyezwa, mashine inasubiri kaseti ambayo haipo. Nimeona watu wawili wakiuza mashine nzima kwa ajili ya kitufe hicho.

Wati zisikubabaishe. Spika ya kawaida yenye desibeli 88 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiipa wati 20 inafika karibu 101, ukiwa umeikaribia mita moja. Ukinunua amplifaya ya wati 40 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo jirani yako ataisikia kabla yako. Kwa chumba cha kupanga, muzigo kama tunavyouita Kampala, 20 za kweli zinatosha na kubaki. Cha kuangalia zaidi ni omu za spika zako, yaani jinsi zinavyoukinza umeme. Kama kibati kinataka omu 8, usiunge jozi mbili za spika za omu 4 ukategemea Mungu.

Swali ninalouliza kuliko yote sasa ni hili: ndani kuna nini? Mashine nyingi za miaka ya 1980, hata za majina makubwa, zinatumia kibonge kimoja cheusi kilichoandikwa STK, kazi ya kampuni ya Sanyo, kilichofungia pamoja transista, yaani vipande vinavyokuza umeme wa muziki. Kikiwa kizima kinaimba vizuri. Kikifa, utazunguka mji mzima, na utakachouziwa huenda ni bandia chenye maandishi mazuri. Mimi nachagua zenye transista mojamoja, ambazo fundi anaweza kubadilisha moja na kukuachia nyingine.

Ndivyo nilivyoipata NAD 3020. Hii ni amplifaya iliyotoka 1978, wati 20 kila upande, uso wa plastiki ya kijivu usiomvutia mtu. Ndani ina transista za 2N3055 na MJ2955, ambazo fundi wangu anazijua kama anavyojua watoto wake. Ilikuja kwenye mizigo ya mtu aliyerudi kutoka London, na aliyekuwa anaiuza alisema imekufa: inawaka, haitoi sauti. Aliitaka laki moja na nusu. Nikaigeuza.

Nyuma yake, kati ya matundu ya Pre Out na Normal In, panatakiwa kuwe na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha nusu ya kwanza ya mashine na nusu ya pili. Havikuwepo. Pengine vilidondoka njiani, pengine mtoto alivichezea. Nililipa laki na ishirini, sikusema neno. Nyumbani nikachukua waya wa DVD wa shilingi elfu tano, plagi nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe, ile ya njano ikabaki inaning'inia. Afrigo Band wakaingia sebuleni.

Kapasita zake kubwa, yaani vihifadhi umeme vya ndani, bado ni za kiwandani na fundi ameniwekea nafasi mwezi ujao, kwa sababu za umri huo hukauka hata zikikaa bila kazi. Umeme ukikatika nachomoa plagi, maana ukirudi hurudi kwa hasira, na sichomeki tena mpaka friji ya jirani itulie. Vipande vya U bado navitafuta. Ukija kwangu ukaona waya wa njano unaning'inia nyuma ya kabati, tafadhali usiuchomoe.