Ukitaka maabara za Ulaya, nenda na swali dogo

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma uzamivu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Pendekezo langu la utafiti limepita. Nami nataka kwenda CERN kama wewe. Naanzia wapi?" CERN ni maabara kubwa ya Ulaya ya fizikia ya chembe, karibu na Geneva. Nimemjibu kwa kirefu, na kwa kuwa najua mpo wengi wenye kiu hiyohiyo, naliweka jibu hapa.

Anza na swali dogo. Wengi wakiwaandikia maprofesa wa nje hujaza ukurasa kwa shauku na sifa, na barua za namna hiyo hazijibiwi. Mimi nilisoma makala za kundi moja la wahandisi wa kule mpaka nikaona jedwali ambalo hesabu zangu hazikubaliani nalo. Nikawaandikia mistari michache kuhusu jedwali hilo tu, nikaambatisha hesabu. Wiki haikwisha, jibu likaja, na mwaliko ukafuata. Haikuwa bahati. Hesabu hizo nilizikeshea chumbani Sinza, umeme ukikatika nangoja urudi, programu naianza upya.

Wala usione haya swali lako likiwa dogo. Mashine kubwa ya CERN ya kuharakisha chembe, vitu vidogo kuliko atomu, ina mzingo wa kilomita 27, chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ina sumaku kuu 1,232 zinazopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Septemba 2008, siku chache tu tangu iwashwe, kiungio kimoja cha umeme kati ya sumaku mbili kiliharibika, heliamu inayozipoza ikafumuka kwa nguvu, na mashine ikalala zaidi ya mwaka mzima. Mahali kama hapo, mtu anayekijua kiungio kimoja sawasawa anapewa kiti mezani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kaviti, chemba ya shaba ambamo mawimbi ya redio huisukuma chembe kila inapopita. Kutaka kujua nguvu ya umeme imekaaje ndani yake, unafunga punje ndogo kwenye mshipi mwembamba, wa nailoni kama ule wa wavuvi wa Feri, kisha unaivuta polepole ipite katikati. Punje ikisogea, masafa ya chemba, yaani idadi ya mitikisiko ya mawimbi yake kwa sekunde, yanahama kidogo sana, na kuhama huko ndiko kunakokuchorea ramani. Weka kiganja juu ya shaba uone: joto la mkono peke yake linatosha kuzisogeza namba kwenye skrini. Fundi mzee aliyenipokea alinizuia nisiiguse hadi chumba kitulie, tukasimama kimya tukizitazama namba zikitua. Baadaye aliniachia ufunguo wa chumba. Ramani yangu ilipolingana na hesabu nilizotoka nazo Dar, kundi zima lilikuja kuitazama. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu nililitolea jasho.

Mambo ya viza hayana siri. Maombi ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zikiwemo Uswisi na Ufaransa, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Ukikaa zaidi ya siku 90 utahitaji kibali cha aina nyingine, kwa hiyo waulize wenyeji wako mapema. Geneva ni ghali. Wengi hupanga upande wa Ufaransa.

Kilichonichosha kilikuwa huku nyumbani. Barua yangu ya ruhusa ya kwenda huko ilikaa kwenye ofisi moja, siitaji, mpaka nikazoeana na mlinzi wa getini. Njoo kesho. Mhusika katoka. Faili halionekani. Siku niliyofanikiwa kumwona mkubwa mwenyewe, alinitazama akaniuliza: "Hizo mashine hapa hatuna. Ukirudi utazifanyia nini?" Watu waliokuwa ndani wakacheka. Mpaka leo kicheko kile hakijanitoka.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa, omba barua hiyo kabla hata ya mwaliko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na jibu la swali lile uwe nalo mdomoni. Usikubali kuambiwa kwamba sayansi hii si yetu. Ocean Road, hospitali ya saratani hapa hapa Dar, wanatibu wagonjwa kwa mashine zinazoharakisha elektroni kwa mawimbi ya redio, na mionzi inayotoka humo ndiyo inayomfikia mgonjwa. Kanuni ni ileile ya chemba niliyokuwa naipima. Mashine hizo ikiharibika moja, wagonjwa waliosafiri kutoka mikoani husubiri, na anayetakiwa ni mtu anayejua masafa yamehama wapi. Kabla hujapanda ndege, andika barua uombe kuziona zikifanyiwa matengenezo, na maswali utakayotoka nayo pale uende nayo Geneva.