Punguza Meno ya Mbele Kabla Hujaiuza Baiskeli

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana baiskeli ya milimani yenye sproketi moja mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ya meno 32, na nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi, ya meno 11 hadi 42. Mlima ukikaza anashuka na kusukuma, na wenzake hawana jibu jingine ila "fanya mazoezi". Anauliza kama aiuze.

Usiiuze, ndugu yangu. Maneno hayo nimeyasikia hadi yakanichosha. Nilipofunga sproketi ya meno 28, mwenzetu mmoja alitangaza mbele ya kundi zima kwamba hiyo ni gia ya watoto. Watu wakacheka. Liliniuma, na sitaficha kwamba bado linaniuma. Mwezi uliopita tulikuwa pamoja kwenye mlima wa kokoto, nikampita nimekaa kitini, napiga pedali kwa utulivu. Yeye alikuwa kando ya njia, ameshika usukani, anatafuta pumzi. Sikumwambia neno.

Sasa tuzungumze hesabu, maana kilima hakijali nani kacheka. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma; jibu likiwa dogo, gia ni nyepesi. Baiskeli za zamani zenye sproketi tatu mbele mara nyingi zilikuwa na 22 kwa 36, yaani 0.61. Wewe una 32 kwa 42, yaani 0.76. Umenyang'anywa gia nyepesi, halafu unaambiwa miguu yako ni dhaifu! Ukiweka 28 mbele unapata 0.67. Ukiongeza na kaseti inayofika meno 46, unarudi kwenye 0.61 ileile. Kampuni ya vipuri vya baiskeli ya SRAM ilipoleta mfumo wa gia wa XX1 mwaka 2012, sproketi moja ya mbele ilikuja pamoja na kaseti pana ya meno 10 hadi 42, na baadaye kaseti zikafika 50 na zaidi. Mbele kukipungua, nyuma lazima kupanuke.

Kwa magurudumu ya inchi 29 na mizunguko 60 ya pedali kwa dakika, gia yako ya sasa inakudai mwendo wa kama kilomita 6.3 kwa saa. Kwa 28 ni 5.5. Utaiona tofauti ndogo, lakini penye mwinuko mkali hapo ndipo goti linapopona, na gurudumu la nyuma linaacha kuteleza kwa sababu husukumi kwa vishindo.

Utaambiwa utapoteza kasi. Ni kweli, kidogo: kwa mizunguko 90, 28 kwa 11 inakupa kama kilomita 31 kwa saa badala ya 36. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulipiga pedali kwa kasi hiyo porini. Kwenye mteremko mkali mvutano wa dunia unakufanyia kazi.

Anza na sproketi ya mbele, kwa kuwa kwa kawaida ni nafuu kuliko kaseti na haikulazimishi kubadili mkono wa kubadilishia gia wa nyuma. Ila kagua kranki kwanza, yaani mkono unaobeba pedali. Kama boliti nne za sproketi ziko kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 104, kwa kawaida huwezi kushuka chini ya meno 30. Kranki ambayo sproketi inafungwa moja kwa moja kwenye mkono wenyewe, bila boliti hizo nne, inapokea 28, hata 26. Chagua sproketi yenye meno manene na membamba yanayopishana, kwa sababu ndiyo yanayoshika mnyororo usiruke. Ukishuka meno manne, mnyororo unapungua pingili mbili.

Kaseti ya 46 ina masharti yake: mkono wa nyuma uwe na uwezo wa kufikia meno hayo, na skrubu inayousogeza mbali na kaseti irekebishwe upya. Kama baiskeli ina shokapu nyuma, usikate mnyororo kabla ya kuibana shokapu mpaka mwisho, gia ikiwa kwenye sproketi kubwa, maana fremu nyingi huuvuta mnyororo hapo.

Na acheni kuoneana aibu kwa idadi ya meno! Mtu mzima anashuka kusukuma baiskeli nzuri kwa kuogopa kuchekwa, na anayemcheka hata hajui kugawanya 32 kwa 42. Msomaji wangu, pima duara la boliti zako leo, kisha niandikie umekuta milimita ngapi.