Sukari ya mama: kidoleni 6.4, ya miezi mitatu 9.8

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Tandika, mama yangu ana kisukari mwaka wa sita sasa. Kila akikaribia kliniki anajinyima siku tatu, anakunywa uji bila sukari basi, na siku zote kidoleni inasoma vizuri. Safari hii walimtoboa ikasoma 6.4 tukafurahi, afu wakamtoa damu ya kipimo cha miezi mitatu ikaja 9.8. Daktari akamwambia mama sukari imeng'ang'ania kwenye damu. Mama analia anasema mashine imekosea. Hiyo damu imejuaje alichokula mwezi uliopita?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mpe mama pole sana, mwambie mashine haijakosea na yeye pia hajawa mtu mbaya.

Chukua andazi. Unga ni mweupe, ukilitia kwenye mafuta nje linakuwa kahawia na harufu inafika kwa jirani. Pale sukari na protini za unga zimeshikana kwa moto. Mwaka 1912 Mfaransa mmoja, Louis Camille Maillard, ndo alieleza jambo hilo baada ya kuchemsha sukari pamoja na vijenzi vya protini akaona vinabadilika rangi. Sasa mwilini hamna karai ila kuna nyuzijoto 37, usiku na mchana, miaka yote, kwaiyo kitu kilekile kinatokea polepole sana, na sukari ikiwa nyingi kwenye damu kinatokea zaidi.

Protini mojawapo inayoshikwa ni himoglobini, ile inayofanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa. Glukosi inajibandika pale, mwanzoni kwa kulegea, baadae inakaza na haitoki tena mpaka ile chembe nyekundu ife, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120 hivi. Daktari wa Iran, Samuel Rahbar, ndo aligundua mwaka 1968 kwamba wenye kisukari wana himoglobini ya aina hii nyingi kuliko wengine, na kipimo cha mama kimetokana na hapo. Yani 9.8 maana yake katika kila himoglobini 100 karibu 10 zimebandikwa sukari, na ukiigeuza kwa lugha ya kidoleni ni kama mama ameishi na wastani wa 13. Ile 6.4 ni ya asubuhi ile tu. Siku tatu za kujinyima haziwezi kuzibandua. Ila mwezi wa mwisho unachangia karibu nusu ya majibu, kwaiyo akianza leo kujipanga vizuri, kipimo kijacho kitaonyesha.

Na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kama mama anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au anachoma insulini halafu anakaa na njaa siku tatu, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka, na mtu mzima kuanguka peke yake ndani ni hatari kuliko hiyo 9.8. Amwambie daktari ukweli wa anavyokula. Daktari akijua atabadilisha dawa, asipojua anabahatisha.

Kuna kingine ambacho kliniki hawapati muda wa kueleza maana foleni ni ndefu. Glukosi yenyewe ni mpole. Seli inapoichoma kupata nguvu kunachomoka kitu kidogo kikali kinaitwa methiliglioksali, hiki kinadaka protini haraka kuliko glukosi maelfu ya mara. Kila mtu anacho, na mwili una vimeng'enya vyake vya kukigeuza kikawa hakina madhara, ila sukari ikizidi kinatengenezwa kingi kuliko kinavyosafishwa. Protini ikishadakwa inabadilika umbo, na nyingine zinafungwa pamoja kama kamba zilizopigwa fundo, zinakakamaa.

Sasa himoglobini inafanywa upya, hiyo tusiililie sana. Mimi kinachoniuma ni zile zisizobadilishwa. Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, inachukua kama miaka 15 nusu yake kubadilishwa, na protini za katikati ya lenzi ya jicho ni zilezile tangu ukiwa tumboni kwa mama yako. Ndo maana mtoto wa jicho huwawahi wenye kisukari, mishipa inakakamaa, figo zinachoka, miguu inaingia ganzi. Kwaiyo mama afanyiwe uchunguzi wa macho, wa mkojo na wa nyayo hata kama haumwi popote, mpelekeni mwezi huu huu.

SWALI: Nimesikia mishkaki na chipsi kavu zina hiyo sukari iliyoshikana na protini, je mwenye kisukari aache kabisa? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Ni kweli vyakula vya moto mkavu vinakuwa na hiyo sukari iliyoshikana na protini kwa wingi kuliko vya kuchemsha, na nyama ukiilaza kwenye ndimu kabla ya kuchoma inapungua, kwaiyo endelea na ndimu yako. Ila inayoumiza zaidi ni sukari ya kwenye damu yako mwenyewe. Sahani ya chipsi naiogopa kwa wingi wa viazi kuliko kwa ukahawia wake, na soda ya kushushia ndo kabisa.

SWALI: Mdogo wangu ana selimundu na sasa ameambiwa ana kisukari, lakini kipimo cha miezi mitatu kinatoka kidogo tu. Tufurahi?

JIBU: Hapana, msifurahi bado. Kwenye selimundu chembe nyekundu zinakufa mapema, wiki mbili tatu tu, sukari haipati muda wa kujibandika, kwaiyo namba inatoka ndogo wakati kidoleni iko juu. Hata aliyeongezewa damu karibuni majibu yake hayaaminiki. Mkumbusheni daktari kuhusu selimundu kabla hajasoma karatasi, na muulizieni kipimo cha fruktosamini, ambacho kinaangalia sukari iliyojibandika kwenye protini za majimaji ya damu kwa wiki mbili hadi tatu zilizopita. Maabara yenu kama haina, apimwe kidoleni mara kwa mara, kabla ya kula na masaa mawili baada ya kula, muandike kwenye daftari na mwende nalo kliniki.