Kisu cha kukunja cha ndoto, pesa si tatizo

Umeuliza ningenunua kisu gani cha kukunja cha kizamani kama pesa isingekuwa shida. Mimi sisiti: kilichotengenezwa na Tony Bose, yule fundi wa visu wa Indiana, Marekani, aliyefariki 2020. Ukikipata, usihadaike na mng'ao wa mpini. Kifungue, pitisha ukucha mgongoni mwa kisu. Springi, yaani chuma cha mgongoni kinachobana bapa, na vyuma vya pembeni viwe sawasawa, ukucha usikwame popote. Kifunge, rudia. Hapo ndipo kazi ya mkono inapoonekana. Visu vikuukuu vya Sheffield, mji wa Uingereza, navyo navipenda, ila angalia bapa: vingi vimenolewa mno hadi vimekonda. Na mpini ukiwa wa pembe ya ndovu, ulizia sheria kwanza, usije ukanyang'anywa mpakani.