Mkienda kwenye tamasha la vyakula, nunueni sahani moja

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulikwenda kwenye tamasha la vyakula vya makabila viwanja vya Nane Nane, Nzuguni, hapa Dodoma, tukarudi nyumbani tumenuniana. Tulifika na njaa, harufu ya nyama choma ikatupokea getini, kila mmoja akaagiza sahani yake na chipsi juu. Nusu saa baadaye tumeshiba, mabanda yote yako mbele yetu, na hakuna aliyetamani hata kuonja. Mimi nikamlaumu yeye, yeye akanilaumu mimi.

Mwaka jana tulikwenda tena, safari hii tumekubaliana jambo moja kabla ya kupanda daladala: kila banda sahani moja, tutakula wawili, na mwenye chakula cha kwao ndiye anayemlisha mwenzake. Mume wangu ni Mgogo wa Chamwino, mimi ni Mhaya. Tuna miaka minne ya ndoa, na kwa miaka yote hiyo jikoni kwetu tumekuwa tukipika wali na maharage, chakula ambacho si cha kwao wala si cha kwetu.

Tulianza kwao. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, anazungusha upekecho katikati ya viganja ndani ya chungu cha mlenda. Mume wangu akamwamkia, “Mbukwa mama,” na uso wa yule mama ukafunguka palepale. Tukamwomba atupimie kidogo kwa kuwa tunaonja tu. Hakukasirika. Wapishi wengi hawakasiriki ukiwaomba kwa adabu, ila usisubiri mpaka sahani imeshajaa ndipo useme.

Alituletea ugali wa uwele, rangi yake ya kijivu, na mlenda uliopikwa kwa unga wa majani makavu na karanga. Mimi mlenda nilikuwa naukwepa tangu nihamie huku. Unavutika, unadondokea nguo, na nilishaonja mara moja nikashindwa kuupeleka mdomoni. Mume wangu akanishika mkono. Akanionyesha: fanya tonge dogo, libonyeze kwa dole gumba liwe na kishimo, chota, halafu zungusha kifundo cha mkono mara moja ili uzi ukatike kabla hujainua. Ni hicho tu. Miaka minne nimeishi na mtu anayejua jambo hilo, na sikuwahi kumuuliza.

Yule mama akaongeza kwamba majani huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juani, yakatwangwa, yakahifadhiwa. Hapo nikaelewa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani mwaka mzima haifikishi milimita 600. Asiyekausha mboga Machi, Oktoba atakula ugali na nini? Mimi nimekulia Bukoba, mvua inanyesha karibu mwaka mzima na migomba imezunguka nyumba. Nilikuwa naudharau mlenda bila kujua kwamba ndio uliomvusha mume wangu miezi ya kiangazi alipokuwa mtoto.

Basi na mimi nikampeleka kwetu. Banda la Kagera lilikuwa na ndizi za kupika na maharage, na pembeni senene, wale panzi wa kuliwa, wamekaangwa kwenye bakuli. Aliwatazama muda mrefu. Nikamsimulia jinsi tulivyokuwa tukiwanyonyoa mabawa na miguu na bibi yangu usiku wa Novemba, na kwamba zamani Uhayani wanawake waliwakamata, wakawasafisha na kuwakaanga, lakini kula ilikuwa haki ya wanaume. Bibi aliwapika maisha yake yote bila kuonja. Mume wangu akachukua mmoja, akaniwekea mimi mdomoni kwanza, ndipo akala wake. Sikutarajia machozi pale kwenye vumbi la Nzuguni, lakini yalikuja.

Kwa hiyo nawasihi msianze na mnachokijua. Nyama choma ipo kila siku, na tumbo lina nafasi moja. Ulizeni anayepika, hasa mama mtu mzima. Vijana waliokodiwa kuuza mara nyingi hawajui chakula kinatoka wapi. Mtori tulikunywa vijiko vichache tu, kwani mimi naujua: jirani yangu Mchaga alinipikia nilipojifungua, na mume wangu alishaumaliza sana ule uliobaki. Urojo wa Zanzibar uacheni mwisho, kwa sababu ukali wa embe na pilipili ukishakaa ulimini, vyakula vya upole kama ndizi hamtavisikia tena.

Mengine ni ya kawaida. Bebeni noti ndogo, elfu moja na elfu mbili, maana asubuhi wauzaji hawana chenji na watu wakijaa mtandao wa simu unasumbua. Bebeni maji, kijiko chenu na kitambaa. Agosti upepo wa Dodoma unabeba vumbi, hivyo fikeni kabla ya saa tano na mle pale sufuria zilipofunikwa. Kama mmoja ana vidonda vya tumbo au karanga zinamdhuru, aulize kabla ya kuonja. Karanga zinaingia kwenye mboga nyingi za huku na hazionekani kwa macho.

Tulipokuwa tunaondoka, na mfuko wa zabibu mkononi, nikarudi kwa yule mama wa mlenda. Nilinunua unga wa mlenda vikombe viwili. Akanifungia kwenye gazeti, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza, akaniambia nichemshe maji kwanza, magadi yawe kidogo sana, na nisiache kupekecha mpaka povu litulie. Jumatatu jioni niliupika. Mume wangu alirudi kazini, akasimama mlangoni kabla hajavua viatu, akauliza nani amekuja kutoka Chamwino.